Kamati ya Kuokoa Shule

Shule ndogo ya kibinafsi kisiwani Mombasa, aghalabu, ni nyumba ya kupanga yenye kibao cha rangi getini, na uhai wake ni karo. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilipofuta karo katika shule za msingi za umma, madarasa yalifurika, na baadhi ya wazazi wakahamia hizi za kibinafsi zenye nafasi. Machi 2020 korona ikafunga shule zote; Januari 2021 zikafunguliwa kikamilifu, isipokuwa zile zilizokwisha kukata roho.

Katika mtaa wa Tononoka, kisiwani humo, tetesi za shule kufungwa hazianzii ofisini bali kwenye kundi la WhatsApp. Huundwa kamati. Mwenyekiti huwa mzazi mwenye deni la mihula miwili, na ndiye apazaye sauti kuliko wote akitaka mkurugenzi aeleze pesa zimekwenda wapi. Mkutano hukosa akidi, mahamri hayakosi. Mchango ukitajwa, mtandao wa M-Pesa hukatika kwa wote kwa pamoja. Kufikia hapo, kila mjumbe ameshachukua kimyakimya fomu za shule nyingine, na karo ya muhula uliopita bado haijalipwa.