Ndiyo, Bado Nahitaji: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Nyumba

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUTHIBITISHA KWAMBA NIPO HAI, SIJATAJIRIKA, NA SIJAHAMA

Nimepokea barua yenu inayouliza kama bado ninahitaji msaada wa serikali wa kulipia pango, ambao nipo kwenye orodha ya kuusubiri. Nimeguswa sana. Katika mji huu mkubwa wa Marekani hakuna mwingine anayekumbuka kuniuliza kama shida zangu bado zipo.

Nimejibu kama mlivyoagiza. Nimeweka alama kwenye kisanduku cha "Ndiyo", nikasaini, nikaandika tarehe, nikaipiga picha karatasi yote kwa simu. Kisha nikatoka shifti ya usiku, nikapanda basi hadi ofisini kwenu, nikaidumbukiza mwenyewe katika sanduku lililo mlangoni, na sanduku nalo nikalipiga picha. Mlinzi alinitazama kama mtu anayepanga jambo. Binti yangu anasema nimezidisha. Binti yangu hajui bahasha zenu zimewafanya nini watu wazima.

Nimekaa nikajiuliza ni nani anayejibu "Hapana". Labda aliyeachiwa urithi. Waliofariki hawajibu kitu, kwa hiyo wanaondolewa kwa kosa la kutojibu, na orodha inasafishwa. Mmeliita hilo zoezi la kuhuisha orodha. Kwa marehemu, neno hilo ni la ukarimu kweli.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Asiyejibu ndani ya muda uliotajwa, jina linafutwa. Barua ikirudi kwenu kwa kuwa mhusika hakai tena pale, jina linafutwa vilevile. Maana yake ni kwamba ili mtu aendelee kuhesabiwa miongoni mwa wasio na pa kukaa pa uhakika, sharti awe na pa kukaa pa uhakika.

Chukua mama mmoja wa kanisani kwetu. Tuliomba msaada huu pamoja, siku moja, kalamu moja. Ana watoto wanne. Pango lake lilipopandishwa alihamia sebuleni kwa shemeji yake, watoto wakalala kwenye zulia. Shemeji alipochoka, akahamia moteli ya kulipia kwa wiki. Kutoka moteli akapata chumba upande wa pili wa mji, kwa mtu anayemjua mtu. Barua yenu ilikwenda nyumba ile ya kwanza, ikakuta wapangaji wengine, ikarudi. Alipofika dirishani kuulizia nafasi yake, aliambiwa hayumo. Akaomba basi afikiriwe kwa kipaumbele cha wasio na makazi. Akaelezwa kwa upole kwamba kulala sebuleni kwa shemeji hakumfanyi mtu kuwa hana makazi. Yule anahesabiwa kuwa nayo, ila ni ya shemeji.

Mimi sijahama. Mwenye nyumba wangu ni mzee mvivu ambaye hajapandisha pango sana, Mungu amweke. Kwa hiyo nipo orodhani, na nimepanda nafasi. Mheshimiwa, mtihani wenu ulitupima sote wawili, ukamchuja mwenye shida kubwa na kumbakiza mwenye shida ndogo. Ningekuwa mtu wa makuu ningekataa ushindi wa namna hii. Nimeukubali.

Wala sisemi sheria ni mbaya. Section 8, sheria ya msaada huu wa pango, ilitungwa mwaka 1974, ikatiwa saini na Rais Gerald Ford, na wazo lake lina akili: familia inalipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, serikali inamlipa mwenye nyumba sehemu iliyobaki, hadi kiwango kilichowekwa. Kaya zaidi ya milioni 2 zinaishi kwa vocha za msaada huu, na nimewaona wenye vocha: wananunulia watoto viatu kabla vya zamani havijatoboka. Taabu ni kwamba msaada huu haufuati idadi ya wenye haja. Unafuata fungu ambalo Kongresi inatenga kila mwaka, na fungu likiisha, limeisha. Katika kila kaya nne zinazostahili msaada wa pango wa serikali kuu, inayoupata ni kama moja. Zile tatu zinapata barua ya kuulizwa hali.

Sisi wengine tumetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko Kigoma, na kuhusu orodha hatufundishwi. Nakumbuka mwaka 2017 wafadhili walipopunguza fedha na posho ya chakula ikakatwa. Tulilalamika sana, na tulikuwa na haki. Lakini ilikatwa kwa wote. Hakuna aliyefikiria kuipa familia moja unga kamili, kisha familia tatu za jirani ziandikwe kwenye daftari na kuambiwa zisibadilishe hema. Pengine ni kwa sababu kule hatukuwa katika nchi tajiri.

Nakiri kuna wanaosubiri kwa mitindo ya juu kuliko yetu. Los Angeles walifungua orodha yao Oktoba 2022, yakaja maombi zaidi ya 223,000, na kompyuta ikachagua 30,000. New York walifungua yao Juni 2024, mara ya kwanza baada ya karibu miaka 15. Maombi yakapita 600,000, wakachaguliwa 200,000. Naomba ieleweke: hawakuchaguliwa kupata vocha. Walichaguliwa kusubiri. Bahati nasibu ambayo zawadi yake ni foleni.

Uchambuzi mmoja wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba waliopata vocha walikuwa wamesubiri kwa wastani karibu miaka miwili na nusu, na katika baadhi ya mamlaka kubwa hadi miaka minane. Mnisikilize vizuri hapo: waliopata. Yule mama wa kanisani kwetu hatahesabiwa katika wastani wowote, kwa sababu kitabuni kwenu hakusubiri hadi mwisho. Kila mnayemfuta anazipamba takwimu zenu.

Na hata siku jina langu litakapoitwa, mambo hayajaisha. Mtu husubiri miaka, kisha hupewa siku 60 za kutafuta nyumba, na kuongezewa ni kwa hisani yenu. Nyumba iwe na pango lisilozidi viwango, ipite ukaguzi, na mwenyewe akubali kushughulika nanyi. Katika majimbo mengi mwenye nyumba anaruhusiwa kabisa kusema hataki vocha, na wanasema hivyo kwenye simu kabla hujamaliza kutaja jina lako. Takriban wanne katika kila kumi waliopewa vocha huirudisha bila kuitumia. Nililelewa nikiambiwa mvumilivu hula mbivu. Sikuambiwa kwamba mbivu yenyewe imeandikwa tarehe ya kuharibika.

Sikuja mikono mitupu, nina mapendekezo. La kwanza, nafasi ya orodhani irithiwe. Mwanangu wa mwisho ana afya njema na anwani moja, anaweza kuifikisha mbali. La pili, mtu akiweka namba ya simu kwenye fomu, ipigwe. Naelewa kwamba ni teknolojia ngeni.

La tatu ni ombi binafsi. Nimesikia kwamba serikali hiihii ina msaada mwingine wa nyumba, kwa watu walionunua nyumba kwa mkopo. Wanaiondoa riba ya mkopo huo katika kipato kinachotozwa kodi, kwa mikopo ya sasa inayofika hadi dola 750,000, na punguzo la riba limo katika sheria ya kodi ya mapato tangu mwaka 1913. Nimeulizia kwa uangalifu. Hakuna dirisha. Hakuna bahati nasibu. Hakuna anayewaandikia kuwauliza kama bado wanahitaji, na hajapatikana hata mmoja aliyeambiwa kwamba fungu la mwaka huu limekwisha, arudi orodha itakapofunguliwa. Anayestahili anajaza fomu, anapata.

Kwa heshima naomba kuhamishiwa kwenye orodha hiyo.

Wako katika kusubiri,
Mwombaji
(anwani ni ileile)