Boti Chini ya Mwembe wa Ukoo

Mume wangu ni mtu wa Bagamoyo. Ukimchukua mtu wa Bagamoyo ukamweka Bigwa, chini kabisa ya Milima ya Uluguru, mahali ambapo ukifungua dirisha unaona ndizi na mawingu, jua kwamba ipo siku atayatafuta maji kwa gharama yoyote. Miaka yote ya utumishi alitulia. Alikwenda kazini, akarudi, akalalamika kwamba samaki wa Morogoro wamechoka na safari, akala, akalala. Kisha akastaafu. Mafao yalipoingia benki, maneno ya utotoni yakamrudia mdomoni: omo, tezi, mkuku, pepo za kusi. Nikajua kuna jambo.

"Mama Watoto," akaniambia asubuhi moja, "pale Mindu pana maji yamekaa bure."

Hayakukaa bure. Bwawa la Mindu lilikamilika mwaka 1985 kwa kuuzuia Mto Ngerengere, na ndilo linalonywesha sehemu kubwa ya mji wetu. Ukitoka mjini kwa barabara ya Iringa unaliona linang'aa, milima imelizunguka, na kweli linapendeza. Mzee akanipigia hesabu. Wageni wanaopanda Morningside na kilele cha Lupanga wakishuka wamechoka, watataka kukaa kwenye boti wapunge upepo. Wanafunzi wa SUA na Mzumbe watakuja Jumamosi na Jumapili. Yeye atakuwa nahodha, mimi nitauza vitafunwa.

"Hayo ni maji ya kunywa ya mji mzima," nikamwambia. "Nani kakuruhusu kuyaendea na petroli?"

"Vibali vinafuata."

Nikagoma. Mimi ni Mluguru. Wazee wetu waligomea matuta ya serikali ya kikoloni mwaka 1955, sembuse boti. Lakini mafao yalikuwa kwenye akaunti yake, mgomo wangu ukawa wa mdomo tu. Nikaona basi niongozane naye, angalau macho yawe manne.

Ufukweni Bagamoyo tukapokewa na dalali. Dalali wa vyombo ni dalali wa viwanja mwenye mchanga miguuni. Maneno ni yale yale. "Mzee wangu, hii mali ya daktari mmoja wa Dar, alikuwa anatembelea Jumapili tu." Tukaenda kwenye boti ya pili, nayo ilikuwa ya daktari. Nilianza kujiuliza hospitali za Dar zinaendeshwa na nani, maana madaktari wote wako baharini. Moja ilikuwa ya faiba, nzuri kwa mbali, lakini ukipita upande wa pili unakuta ufa umezibwa na kitu cheupe kama dawa ya meno. Nyingine ilikuwa ya ndugu wawili: mmoja anauza, mwenzake yuko Mafia na hana habari kwamba boti yake inauzwa.

Ndipo tukaletwa kwa hiyo iliyokuja kuwa yetu. Futi 22, ya mbao, rangi ya buluu inayowaka. Mzee akaikalia ukingoni, akafumba macho, akavuta harufu ya bahari. Alipoinuka, nusu ya buluu ile ilikuwa kwenye makalio ya suruali yake ya kaki.

"Rangi mbichi," nikasema.

"Wameitunza," akasema Mzee.

Mashine ilikuwa ya nguvu farasi 15, imefungwa nyuma, nayo imeshushwa majini. Dalali akavuta kamba mara moja tu, ikanguruma. Mzee akanitazama kwa ushindi. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuigusa kifuniko tulipofika, kabla mtu hajaivuta, na ilikuwa ya moto.

"Mbona ina joto na hatujaiwasha?"

"Jua hilo, mama."

Tulikuwa tumesimama kivulini, chini ya mkungu mkubwa ambao jua halipenyi. Mashine ya boti iliyochoka huwa haina shida ikishapata moto; shida yake ni asubuhi, ikiwa baridi. Mwenye kuuza analijua hilo, kwa hiyo huamka kabla yako akaikurupusha kwanza. Nilimnong'oneza Mzee tukanywe chai, turudi baadaye mashine imepoa. Dalali akasikia, akasema kuna mteja wa Zanzibar anakuja saa hiyo hiyo. Mteja wa Zanzibar ana kazi nyingi kwenye fukwe zetu: haonekani, lakini ndiye anayeuza boti zote.

Karatasi zikatolewa kwenye mfuko wa plastiki. Risiti ya zamani ina mhuri wa SUMATRA, ilhali shughuli za vyombo vya majini zilihamia TASAC tangu mwaka 2018. Jina lililoandikwa si la daktari, wala si la anayeuza. Ni la marehemu. "Mirathi iko njiani," akasema dalali, kwa sauti ya mtu anayesema chakula kiko jikoni. Sheria inataka mali ya marehemu iuzwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na pale hapakuwa na msimamizi. Alikuwapo mpwa mwenye haraka. Nikamvuta Mzee shati. Akaniambia Bagamoyo watu wanajuana. Hela zikahesabiwa.

Safari ya kuileta nyumbani nitaipita haraka, maana kila nikiikumbuka nasikia kichefuchefu cha nauli. Boti ilipanda Fuso, mkia umetokeza nyuma na kitambaa chekundu, ikapita Msata, ikapita Chalinze, na kila tuliposimama watu walituuliza kama bahari nayo inahamia bara. Usiku ikashushwa uani kwetu Bigwa, chini ya mwembe.

Sasa mwembe ule na kiwanja kile si vya mume wangu. Kwetu Waluguru ukoo unafuatwa kwa mama, na ardhi ile ilitoka kwa mama yangu. Ndiyo maana siku chache baadaye mjomba wangu akashuka kutoka Kinole, amebeba mkungu wa ndizi na fimbo. Akaizunguka boti. Akaigonga na fimbo. Akakaa.

"Mkwe," akasema, "hiki chombo maji yake yako wapi?"

"Mindu, mjomba."

"Umeyaomba?"

"Vibali vinafuata."

Mjomba akanigeukia mimi. "Mwanangu, kwenye ardhi ya ukoo tumewahi kuhifadhi mahindi, mbao, hata jeneza. Hiki tutaandika nini?"

Mzee akavaa shati la mikono mirefu akaenda kuuliza. Kwenye ofisi walimpokea vizuri, wakamkalisha, wakamsomea. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Hapo ni kabla hujagusa maji yenyewe, ambayo ni chanzo cha maji ya kunywa. Boti inayobeba abiria inahitaji kusajiliwa na kukaguliwa. Ikitaka kuvua, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 nayo inataka chombo kisajiliwe na mvuvi awe na leseni. Na mashine ya aina yetu inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, ambayo sehemu yake hutoka na moshi ikaingia majini. Mzee alirudi na karatasi ya orodha ya viambatisho, akaibandika ukutani karibu na kalenda. Kiambatisho cha kwanza kilikuwa uthibitisho wa umiliki.

Wakati huo ilikuwa kiangazi. Kusini kwa mlango wetu Uluguru imesimama na ukungu wake, lakini uani jua linapiga na upepo unakausha. Mbao iliyozoea maji ikikauka husinyaa. Mianya kati ya ubao na ubao hufunguka, na pamba ya kalafati iliyoshindiliwa humo hulegea. Siku moja nilichukua kisu changu cha kumenyea viazi nikaupima mwanya mmoja karibu na mkuku. Ncha ikaingia bila kusukumwa. Nikaenda upande wa ndani, nikaiona inachungulia.

Mzee akaita seremala wa mtaani, mtu hodari sana wa makabati. Alijaza mianya kwa silikoni ya kuzibia masinki, akapigilia na misumari ya bati. Ikapendeza. Ndipo Mzee akampigia simu fundi wa vyombo kwao Bagamoyo, kumwarifu tu. Simu ilikuwa kwenye spika. Fundi alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Kaka, mmemtia mgonjwa rangi ya kucha." Akaeleza. Misumari ile itashika kutu. Silikoni itabanduka mbao ikivimba. Chombo kilichokauka hufunikwa magunia yaliyolowa na hujazwa maji taratibu mpaka mbao zirudi mahali pake, halafu ndipo mtu wa kalafati apite na pamba na mafuta. Na wasikiache kwenye mvua bila kukifunika, maana maji ya mvua yakituama ndani huozesha mbao kuliko maji ya chumvi.

Basi tukaijaza maji. Mpira ukatolewa bombani, ukatupwa ndani ya boti, na maji ya Mindu yakaingia kwenye boti badala ya boti kuingia Mindu. Yaliingia juu, yakatokea chini, yakaufuata mwembe, yakaelekea kwa jirani, ambaye alikuja kutushukuru kwa kumwagilia mchicha wake. Bili ya mwezi ule ilipofika niliibandika ukutani, karibu na orodha ya viambatisho.

Mashine nayo ikataka kujaribiwa. Haiwashwi hivi hivi nchi kavu, kwa kuwa hupozwa na maji inayoyavuta kutoka chini. Tukaifunga kwenye pipa la plastiki lililojaa maji. Mzee alivuta kamba mpaka akavua shati. Ilipowaka, moshi ulitanda hadi barabara ya Matombo. Lakini kale kamkondo ka maji kanakotakiwa kuruka ubavuni, kuonyesha kwamba mashine inapozwa, hakakutoka. Fundi pikipiki akaifungua: njia za maji zimezibwa na chumvi iliyoganda kama mawe. Mashine hiyo ilikuwa haijaoshwa kwa maji baridi siku nyingi. Huyo daktari wa Jumapili hakuwa hata na ndoo.

Mindu iliposhindikana, Mzee akahamishia matumaini Kilombero. Huko ni mkoani kwetu na mto upo, tena mkubwa. Tulipopeleka maswali kwa watu wa Ifakara, jibu likarudi la upole. Kuvusha watu hakuna tena biashara: daraja la mita 384 lilizinduliwa mwaka 2018 na magari yanapita juu. Wavuvi wana mitumbwi yao ya gogo, mipana chini, inayoteleza juu ya mchanga maji yakipungua. Chombo chenye mkuku wa bahari kitakaa kwenye fungu la kwanza mpaka masika. Tena maji baridi hayabebi kama ya chumvi: lita 1,000 za bahari zina uzito wa kilo 1,025 hivi, za mto ni kilo 1,000, kwa hiyo chombo kile kile na mzigo ule ule hukaa chini zaidi kidogo mtoni. Mzee aliyasikiliza yote, akasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Siku hiyo kwa mara ya kwanza akatamka neno "kuuza".

Mnunuzi alitoka bwawa la Mtera, na kama ningekuwa na uwezo ningempeleka kila ufukwe akafundishe. Hakuigusa boti. Aliomba karatasi kwanza. Alipoona jina la marehemu akaaga, akasema atarudi siku jina la muuzaji na jina la karatasi yatakapopatana. Ikabidi Mzee arudi Bagamoyo, awatafute warithi, angoje mahakama iteue msimamizi, asainiwe hati ya mauziano aliyopaswa kusainiwa siku ya kwanza.

Mtu wa Mtera aliporudi alikuja na fundi mzee mwenye bisibisi na tochi. Fundi hakutazama rangi. Alilala chali chini ya boti, akaanza kugonga ubao mmoja mmoja kwa mpini. Ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza. Alipofika kwenye fashini, pale mbao za nyuma zinapokutana, ukimya ukawa mrefu. Akaichomeka bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini. Kisha akaenda kwenye mashine, akaigusa kifuniko, akahakikisha ni baridi, ndipo akaomba iwashwe.

"Mali ya mstaafu," nikamsikia Mzee anasema nyuma yangu. "Tangu anunue haijawahi hata kuingia majini."

Nikakohoa. Lakini kwa haki, safari hiyo dalali alisema kweli tupu.

Bei waliyotoa ilizidi kidogo nauli ya Fuso. Mashine waliikataa, ilinunuliwa kwa vipuri. Mjomba alipopata habari alituma ndizi.

Kwa hiyo wewe uliyepokea mafao juzi, na wewe mke wake, sikilizeni. Boti ndiyo kitu cha mwisho kununua. Tafuta maji kwanza, uyaulize yana sheria gani na yanabeba chombo cha namna gani. Tafuta kibali. Soma jina kwenye karatasi, umwone mwenye jina akiwa hai au msimamizi wake akiwa na barua ya mahakama. Mlipe fundi wa vyombo agonge kila ubao, na umlipe hata akikwambia usinunue, hasa akikwambia usinunue. Na ukikuta mashine ina moto kabla hujaiwasha, hata mteja wa Zanzibar awe njiani, panda basi urudi nyumbani.