Sifa za Nyundo Isiyopiga Misumari

Nchini Marekani, ambako raia wengi hujaza upya maganda ya risasi nyumbani kwa nia njema ya kubana matumizi, hakuna busara ipitayo ile ya kununua kwanza mashine ya kuunganisha risasi na kisha kifaa cha kuzibomoa. Mwenye mkono mfupi huanza na nyundo ya plastiki iliyo tupu ndani, ambamo risasi yenye baruti hubanwa na kugongwa juu ya gogo hadi kichwa chake kichomoke kwa mshtuko, jambo ambalo bila shaka huwaliwaza majirani usiku. Mwenye nafasi hupendelea koleti, yaani bano linalofungwa kwenye mashine ileile ili kukichomoa kichwa hicho bila kishindo, ambalo, kwa ukarimu wa watengenezaji, hutakiwa la saizi yake kwa karibu kila kipenyo. Na kwa kuwa vichwa vifupi vya risasi za bastola huliponyoka, nyundo nayo hununuliwa. Hivyo ndivyo risasi moja iliyokosewa kipimo cha baruti huokolewa kwa bei ya boksi zima la dukani, na akiba huzidi kujaa kabatini, nyingine ikiwa na mpini.