Muulize Babu Kirangozi: Uzito ni wa Bure, Nunua Mikanda

Kwa wasomaji wapya: kirangozi ndiye aliyetangulia mbele ya msafara, enzi ambazo kutoka Tabora hadi Bagamoyo kulikuwa kwa miguu. Nimejipa cheo hicho kwa sababu hakuna aliyejitokeza kukipinga. Wiki hii barua zote zinanuka jasho.

*Shikamoo Babu. Nina miaka 24, naishi Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Nimeona kwenye simu vijana wanakimbia wamevaa zile fulana za askari, zenye mfuko mkubwa kifuani na mwingine mgongoni. Nina shilingi elfu themanini. Ninunue ipi? Ile ya madoadoa ya kijani imenikaa moyoni.*
*— Kifua Mbao*

Marahaba, mjukuu wangu. Hayo madoadoa yatoe moyoni kabla hayajakuingiza pengine. Agosti 2023 jeshi letu, JWTZ, lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi, au yanayofanana nayo, wayasalimishe. Nawe unaishi kwenye mji wenye kambi. Ukikutwa alfajiri umevaa hivyo, mazoezi utafanya, ila idadi ya pushapu hutaipanga wewe. Chukua nyeusi tupu au ya bluu, isiyo na nembo, na usimpe mtu sababu ya kukuita pembeni.

Fulana hiyo ilishonwa ibebe mabamba ya kuzuia risasi, moja mbele, moja nyuma, kila moja kama sentimita 25 kwa 30. Wanamazoezi wakaona mifuko, wakatia uzito. Marekani kuna zoezi lenye jina la Michael Murphy, mwanajeshi wa majini aliyeuawa Afghanistan mwaka 2005: maili moja ya kukimbia, kujivuta kwenye bomba mara 100, pushapu 200, kuchuchumaa 300, kisha maili nyingine. Wanaume hulifanya na kilo 9 hivi mwilini. Ukianza na hilo, barua yako ijayo utaiandika kwa mkono wa jirani.

Sasa fedha zako. Usinunue uzito, maana uzito umejaa duniani. Mabamba halisi ya risasi ni ghali, na yale ya kauri yaweza kupasuka yakidondoshwa. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie chuma cha unene wa milimita 6 kwa vipimo nilivyotaja. Kila kipande kitakuwa na kilo tatu na nusu hivi. Mwambie akate pembe na apige tupa kingo zote, kisha vizungushie mpira wa tairi la ndani ili visikwaruze kitambaa wala wewe.

Elfu themanini zako ziende kwenye mikanda. Ivae fulana dukani, kaza, ruka mara tatu. Ikikugonga kidevu au ikicheza ngoma tumboni, mrudishie mwenyewe. Ukingo wa juu wa bamba ukae usawa wa kile kishimo chini ya koo. Mikanda ya mabega iwe mipana yenye sponji, na wa kiunoni ukaze bila kukunyima pumzi. Geuza ndani utazame mshono pale bega linaposhikana na mfuko: uzi upite zaidi ya mara moja. Mwisho, jaribu kuivua upesi, kama umekalia siafu.

Vyuma vyote viwili ni vya baadaye; anza na sehemu moja ya ishirini ya uzito wako. Mwenye kilo 60 anastahili kilo tatu, kwa kutembea tu. Ukizizoea kwa wiki kadhaa, ongeza. Goti likilalamika, lisikilize.

*Babu, shikamoo. Nauza nafaka Isevya. Tangu mume wangu anunue fulana ya mifuko, mawe yangu ya mizani hayaonekani hadi saa mbili asubuhi. Wateja wa alfajiri nawapimia maharage kwa macho. Nifanye nini?*
*— Mama Kilo Haikamiliki*

Marahaba, mwanangu. Mwambie mumeo kwamba mawe yale yana muhuri wa Wakala wa Vipimo, siyo wa chama cha riadha. Jiwe likidondoka barabarani likameguka, faini itakuja kwenye genge lako, si kwenye kifua chake. Zaidi ya hayo, mawe hukusanyika chini ya mfuko yakaugonga mwili kila hatua, na ndiyo maana anarudi ameshika kiuno.

Dawa ni mchanga. Lita moja ya mchanga mkavu ni kilo moja na nusu hivi. Nunua suruali kuukuu ya jinzi ya mtumba, ushone vifuko vya kilo moja moja, kila kimoja ukipige mistari katikati kama godoro ili mchanga usikimbilie upande mmoja. Faida yake ni kwamba akichoka anapunguza kimoja. Kwenye misafara, mwenye bahati alikuwa yule aliyepewa mzigo wa chakula, maana kila kambi wenzake waliula na kesho yake ukawa mwepesi.

Na usishangae kwamba tumerudi kwenye mtumba. Kabla ya neno hilo kuwa suruali za Ulaya, mtumba ulikuwa robota la mpagazi.

*Mzee wa Kinyamwezi, hujambo? Mimi ni mtani wako Mzaramo. Mnajisifu kwamba babu zenu walikuwa wapagazi. Nimenunua fulana ya kilo 20, nataka nitembee Bagamoyo hadi Tabora niwaonyeshe. Nipe baraka.*
*— Simba wa Pwani*

Sijambo, mtani. Baraka sina, hesabu ninayo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, na juu yake mkeka, chungu na posho yake mwenyewe. Ninyi wa pwani mlibeba kichwani, sisi begani. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke, ambao hawakubeba, walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba. Stanley mwaka 1871 alitumia miezi mitatu. Njiani utakutana na Ugogo, ambako watemi walidai hongo, na Mgunda Mkali, pori lililokuwa na maji haba.

Lakini nikusute kidogo. Mpagazi hakuwa akijipima nguvu. Aliuinua mzigo kwanza, akautikisa, usipokaa vizuri akaukataa, na akizidishiwa aliuacha njiani akaenda zake. Alilipwa kwa nguo, merikani iliyovuka bahari, na pamoja na hayo wengi ndui na njaa viliwamaliza wakafukiwa porini. Sembuse waliobeba pembe wakiwa watumwa, wasioweza kukataa lolote. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, sijasikia mpagazi aliyeomba waing'oe ili mwili usilegee.

Leo tunalipa sisi ili tubebe. Si vibaya, mradi usisahau haki mbili za mpagazi: kuukataa mzigo usiokukaa, na kuutua. Panda treni, mtani. Ukifika Tabora vaa kilo tano, tutembee wote hadi Kwihara kwenye tembe la Livingstone. Ukichoka nitakubebea maneno.

*Babu, una maarifa mengi. Wewe mwenyewe unavaa kilo ngapi?*
*— Mdadisi, Cheyo*

Mjukuu wangu, mimi nina bamba moja tu, la mbele, nalo linaanza chini ya kifua na kuishia juu ya mkanda. Nimelipata kwa michembe, asali na kukaa barazani. Linaruka nikikimbia, linagonga nikikaa, na kila usiku nalitafutia kifungo cha kulivulia silioni. Ndiyo maana nakusihi wewe ununue linalovulika.