Uhura Hajafika Kabanga

Mwaka 1966 Wamarekani walilichukua neno letu uhuru, wakalibadili herufi ya mwisho, wakampa luteni wa chombo cha angani: Uhura wa tamthilia ya televisheni Star Trek. Mwaka uliofuata mwandishi James Blish akaanza kuvigeuza vipindi vya tamthilia hiyo kuwa hadithi fupi, za kumalizwa kabla chai haijapoa. Neno letu likazurura nyota kwa nyota. Hapa mpakani Kabanga, penye malori ya Burundi na madereva wasio na la kufanya ila kusubiri mihuri, sijakiona hata kijitabu kimoja kwa Kiswahili. Haya, tusilalamike. Tamthilia ya kisayansi tunayo yetu: nikeli ya hapa kwetu Ngara, tunasimuliwa tangu miaka ya 1970. Mkataba wa 2021 wa kuichimba ulikuwa sizoni mpya tu.