Namna ya Kubadili Kadi Kuukuu za Mtambo Bila Kuiacha Wilaya Gizani

Fundi, weka bisibisi chini kwanza, tuzungumze. Najua kadi mpya imefika. Imepanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Arusha, ikapita Mto wa Mbu, Engaruka na Ngaresero, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na imeshuka Wasso, jirani na Loliondo, ikiwa na vumbi mpaka kwenye risiti. Umeisubiri kwa muda mrefu na mkono unawasha. Hamu hiyo imeua mitambo mingi kuliko uzee, na mwongozo huu umeandikwa kuipoza.

Loliondo haina turbini. Kwa miaka mingi mji huu ulipata umeme kutoka kituo cha majenereta ya dizeli cha TANESCO kilichojitegemea, nje ya gridi ya taifa, kama Mafia na Liwale. Lakini kadi za kurekebisha ishara zilizomo ndani ya paneli ya jenereta la dizeli hufanya kazi ileile ya zile za turbini za gesi pale Ubungo, zilizoanza kupokea gesi ya Songo Songo mwaka 2004, na zile za turbini za maji za Kidatu, kituo kilichoanza kufua umeme mwaka 1975. Tofauti ni umbali. Dar es Salaam, ukikosea unaazima spea kituo cha jirani jioni ileile. Loliondo, ukikosea unasubiri basi jingine. Kwa hiyo tunafundishia Loliondo: anayeiweza kazi hii huku ataiweza popote.

Ijue kazi ya kadi

Sensa zilizo kwenye mashine hutoa ishara dhaifu na za kila aina. Themokapo ya aina K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kipimajoto cha platini, Pt100, hubadilisha ukinzani wake: ohmu 100 kwenye nyuzi 0, ohmu 138.5 kwenye nyuzi 100. Sensa ya kasi hutoa mapigo kila jino la gurudumu linapopita mbele yake. Kadi huzipokea ishara hizo, huzikuza, huzichuja kelele, huzitenga na umeme mkubwa wa mtambo, kisha huzipeleka kwenye kompyuta ya udhibiti kwa lugha moja, mara nyingi miliampea 4 hadi 20.

Miliampea 4 maana yake ni sifuri ya kipimo, na 20 ni kilele. Waliochagua 4 badala ya 0 walikuwa na akili timamu: waya ukikatika mkondo unakuwa 0, na mtambo unajua papo hapo kwamba hilo ni kosa, si kipimo.

Jua kwa nini inazeeka

Adui wa kwanza ni joto. Kapasita za kemikali zilizo ndani ya kadi hukauka taratibu, na kanuni ya mafundi inasema kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Feni ya paneli iliyokufa mwaka juzi na haikubadilishwa imeshakula nusu ya kadi zako. Mtetemo wa injini nao hulegeza skrubu za temino na kupasua risasi ya kulehemu.

Huku kwetu kuna adui wa ziada. Ol Doinyo Lengai ni volkano ya pekee, lava yake ina magadi, na ilipolipuka mwaka 2007 na 2008 ilirusha majivu hewani. Vumbi lenye magadi likitua kwenye kadi kisha likapata unyevu wa asubuhi, hupitisha umeme pale usipotakiwa kupita. Kwa hiyo kichujio cha mlango wa paneli si pambo. Kisafishe.

Kadi iliyochoka hujitambulisha. Kipimo kinapanda mchana na kushuka usiku ilhali mzigo ni uleule. Namba inaruka kila opereta anapobonyeza redio ya upepo. Ukiona hayo, usisubiri ife kabisa.

Hatua ya kwanza: hakikisha mgonjwa ni kadi

Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari kwenda Samunge kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500, na kila mtu alikunywa dawa ileile kwa ugonjwa wowote aliokuja nao. Kwenye paneli hakuna kikombe cha namna hiyo. Kadi mpya haiponyi waya uliotafunwa na panya, wala sensa iliyojaa maji.

Tuseme simu inapigwa usiku:

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Presha ya oili, skrini inasema baa 1.2. Alamu inalia."

"Geji iliyo kwenye injini inasemaje?"

"Inaonyesha 4.5."

"Basi usiguse kadi. Chukua mita, iweke kwenye volti, upime kwenye rezista ya ohmu 250 pale kadi inapopokea ishara. Waya usiufungue."

Kijana anaweka ncha nyekundu upande mmoja wa rezista na nyeusi upande wa pili, anasubiri namba itulie. Sensa hii ina kipimo cha baa 0 hadi 10. Baa 4.5 ni miliampea 11.2, na zikipita kwenye ohmu 250 zinatoa volti 2.8. Mita ikisoma 2.8, ishara nzuri inaifikia kadi na kadi ndiyo inayopotosha. Ikisoma karibu volti 1.5, ishara imeharibika kabla ya kufika, na kosa liko kwenye sensa au kwenye waya. Kipimo cha dakika moja kimeokoa kadi nzima.

Fundi alimwambia kijana asifungue waya kwa sababu ukiufungua mashine ikiwa inatembea, mkondo unashuka hadi 0, ulinzi unaona hatari na mashine inatripu. Hapo umeuzima mji kwa kutafuta kosa.

Hatua ya pili: andika kabla ya kufungua

Piga picha ya kadi ikiwa mahali pake: rangi za waya, jampa zote, zile swichi ndogo ndogo za kuchagua aina ya ishara. Kila waya upewe alama yenye namba ya temino yake. Halafu nakili kutoka kwenye kompyuta kipimo cha chini, kipimo cha juu, kiwango cha alamu na kiwango cha kutripu. "Nitakumbuka" si kumbukumbu. Daftari la kituo ndilo kumbukumbu, na litabaki hapo hata ukihamishiwa Tunduru.

Pima pia kadi ya zamani kabla hujaing'oa. Ukijua ilikuwa inakosea kiasi gani, utajua ni maamuzi mangapi ya miezi iliyopita yalifanywa kwa namba za uongo.

Hatua ya tatu: omba ruhusa ya kuzima

Turbini kubwa za gesi mara nyingi huwa na sensa tatu kwa kila kipimo muhimu, na mtambo hufuata zinazokubaliana mbili. Hapo kadi moja inaweza kutolewa mashine ikiendelea kutembea, ilimradi mtengenezaji ameruhusu na zile mbili zilizobaki ni nzima. Ukizitoa mbili kwa pamoja umeizima mashine kwa mkono wako.

Jenereta dogo la dizeli mara nyingi lina sensa moja tu ya presha ya oili. Lizime. Hamishia mzigo kwenye jenereta jingine, iarifu hospitali ya Wasso mapema ili iandae umeme wake wa akiba, tia kufuli kwenye swichi, tundika kibao chenye jina lako, na ufunguo uwe mfukoni mwako. Anayekushauri uzibe ulinzi wa presha ya oili au wa kasi ili "tumalizie kwanza zamu" hakutakii mema. Injini isiyo na ulinzi haiombi radhi, inavunja kranki.

Kwa kadi zinazopima mzigo, usifungue kamwe waya za upande wa pili wa transfoma ya mkondo wakati mashine ina mzigo. Volti hupanda kiasi cha kuua mtu. Ifunge kwanza kwa shoti kwenye temino zake maalumu.

Hatua ya nne: badilisha moja, si kumi

Linganisha namba ya kadi mpya na ya zamani, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na herufi za mwisho. Herufi moja inaweza kutenganisha kadi ya themokapo na kadi ya Pt100, na kwa macho ni pacha. Vaa mkanda wa ethi mkononi kabla ya kuitoa kwenye mfuko wake. Kiangazi cha nyanda za juu hewa ni kavu, na cheche usiyoihisi kidoleni inatosha kuua chipu.

Weka swichi na jampa kama zilivyo pichani. Hakikisha volti 24 zinaingia na chanya iko kwenye chanya. Kisha ingiza kadi hiyo moja, uipime mpaka mwisho, ndipo uguse inayofuata. Aliyebadili kumi kwa mkupuo na mashine ikakataa kuwaka ana makosa kumi ya kuyatafuta.

Hatua ya tano: heshimu waya

Waya wa themokapo ni wa metali maalumu. Ukiuunga kwa kipande cha shaba cha kawaida, unatengeneza maungio mapya yenye joto lake, na kipimo kinapotoka bila alamu yoyote kulia. Wavu unaozunguka waya za ishara hufungwa ethi upande mmoja tu. Ukifungwa pande zote mbili, mkondo wa ethi hupita humo na kuleta kelele uliyokuwa unaikimbia. Kaza kila skrubu, halafu uvute waya kidogo. Unaotoka kwa kuvutwa leo ungetoka wenyewe usiku wa Krismasi.

Hatua ya sita: ihoji kadi mpya

Upya si ushahidi. Chukua kalibreta na uipe kadi ishara unazozijua: miliampea 4, 8, 12, 16 na 20, kwanza kupanda, kisha kushuka. Kwenye sensa yetu ya oili, skrini isome baa 0, 2.5, 5, 7.5 na 10. Kadi ya Pt100 ipe ohmu 138.5 na uone nyuzi 100. Kadi ya kasi ipe mapigo: injini ya mizunguko 1,500 kwa dakika yenye gurudumu la meno 150 hutoa mapigo 3,750 kwa sekunde. Kadi ya themokapo kumbuka hujumlisha joto la temino zake, kwa hiyo kalibreta yako nayo iwe imewekwa kufidia joto hilo.

Halafu toa waya kabisa. Skrini ikisoma baa 0 kimya kimya bila kulalamika, kazi haijaisha. Lazima iseme sensa imekatika. Mwisho, shusha ishara hadi kiwango cha kutripu na usikilize rilei ikilia "tak". Ulinzi ambao haujajaribiwa ni matumaini, na kwa matumaini hatuwashi mashine.

Hatua ya saba: izike kadi ya zamani kwa heshima

Usiitupe na usimpe mtoto achezee. Ifunge lebo yenye tarehe, kosa lake na jina lako. Kama ilikuwa inakosea kidogo tu, siku ya msiba inaweza kukufikisha asubuhi. Kama imekufa, mtaalamu wa kulehemu anaweza kubadili kapasita zake. Kisha andika daftarini ulichokikuta, ulichofanya na ulichokiacha.

Hatua ya nane: agiza kabla haijaadimika

Watengenezaji hawasubiri mtu. Mfumo wa Mark V wa General Electric uliendesha turbini nyingi za gesi tangu miaka ya 1990, na leo hautengenezwi tena. Kadi zake zinatafutwa kwa waliotumia na waliorekebisha, na humo ndimo bandia hujipenyeza. Orodhesha kadi zako zote, ulizia zipi bado zinatoka kiwandani, nunua akiba ya zile zinazozima mtambo, na uzihifadhi pakavu. Kwa zilizokwisha kabisa, panga mapema kuhamia aina mpya, wakati mashine bado inatembea na akili zimetulia.

Neno langu la mwisho ni kwa wakubwa walio Arusha, Dodoma na Dar es Salaam. Mnanunua mashine za mabilioni, kisha fundi wa kituo cha mbali anaachiwa mita moja ya kuazimana. Mpeni kalibreta yake, mpeni sanduku la spea, na mleteeni vijana kutoka Chuo cha Ufundi Arusha, ambacho kina kituo cha mafunzo ya umeme wa maji pale Kikuletwa, wajifunze kwa mikono na si kwa picha. Na wewe fundi, sasa chukua bisibisi yako. Lakini mita itangulie.