Jibini la Jackson

Februari 22, 1837, Rais Andrew Jackson aliwafungulia wananchi milango ya Ikulu ya Marekani waje kula jibini. Bonge moja tu, la kilo zaidi ya 600, zawadi ya mfugaji wa New York. Ndani ya saa mbili likaisha. Kilichobaki ni harufu, na mazulia yaliyokanyagiwa makombo.

Mzee alijinadi kuwa mtetezi wa wanyonge. Wanyonge weupe, lakini. Wale waliomlimia pamba kule Tennessee walikuwa mali yake. Mwaka 1832 alikataa kuiongezea muda Benki ya Marekani, eti ni ya matajiri, na mwaka uliofuata akaanza kupeleka amana za serikali kwenye benki za majimbo. Wapinzani wakaziita vipenzi. Nazo, kwa deko la vipenzi, zikakopesha bila kuuliza sana, ardhi ikagombaniwa kwa noti za karatasi, mpaka Julai 1836 Jackson alipoamuru ardhi ya serikali ilipiwe dhahabu na fedha.

Machi 1837 akamwachia kiti Martin Van Buren, akajiendea shambani.

Mei 10, benki za New York zikagoma kubadilisha noti kwa sarafu. Lawama zote akabebeshwa Van Buren, aliyekuwa bado anahangaika kuitoa Ikulu harufu ya jibini.